Python inagoma kukompailika kwenye OpenBSD: dalili, chanzo na dawa

Kabla hujapoteza jioni nzima, jiulize kwanza kwa nini unakompaili. OpenBSD, mfumo endeshi wa ukoo wa Unix, ina Python kwenye vifurushi vyake, na amri ya `pkg_add` inakuletea kwa dakika chache, ikiwa imesharekebishwa na watu wanaoujua mfumo huu vizuri. Ukihitaji kuandika skripti zako tu, chukua hicho kifurushi na uendelee na kazi. Mwongozo huu ni wa mwenye sababu: unataka toleo ambalo halimo kwenye vifurushi, unachunguza CPython yenyewe (Python ya kawaida, iliyoandikwa kwa C), au unataka Python yenye `--with-pydebug`, ya kusakia hitilafu. Nimetumia Python 3.12 kama mfano, lakini sehemu kubwa ya yaliyomo humu itakufaa pia kwa Ruby, Lua, Erlang au OCaml.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo. OpenBSD, iliyoanzishwa na Theo de Raadt mwaka 1995, haikatai ovyo. Inapokataa, karibu kila mara imeandika sababu mahali fulani. Wengi tunahangaika kwa sababu tunasoma mstari wa mwisho uliobaki kwenye skrini, wakati kosa lenyewe limeshapita juu kitambo. Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote, hifadhi kila kitu:

```
make 2>&1 | tee make.log
grep -n 'error' make.log | head
```

Soma kosa la kwanza. Kama ulitumia `-j`, rudia bila hiyo, maana kazi zikienda sambamba ujumbe unachanganyika na huwezi kujua nani kalalamikia nini. Kuna mahali pawili zaidi pa kuangalia: `config.log`, ambayo `configure` (skripti inayoukagua mfumo kabla ya kukompaili) huiacha kwenye folda ya kazi, na `dmesg`, ambako kerneli huandika malalamiko yake. Mtu anayesahau `dmesg` kwenye OpenBSD atazunguka mbuyu siku tatu.

## "no acceptable C compiler found in $PATH"

Hii ni rahisi. Kompaila ya OpenBSD haiji kama kifurushi. Imo kwenye seti inayoitwa `comp`, na kama wakati wa kusakinisha mfumo uliiondolea alama, huna `cc` wala faili za `.h` za mfumo. Ipakue seti hiyo, ya toleo lile lile unaloendesha (kwa 7.5 ni `comp75.tgz`), ihakiki sahihi yake kwa `signify`, kisha (`doas` ni kama `sudo` ya Linux):

```
doas tar -C / -xzphf comp75.tgz
```

Usichanganye matoleo. Seti ya 7.5 juu ya mfumo wa 7.4 itakupa makosa ambayo hayaelezeki.

Wakati wa kupakua msimbo wa Python, chagua faili ya `.tgz`. Ile ya `.tar.xz` inahitaji `xz`, ambayo haimo kwenye mfumo wa msingi.

## Faili ipo, lakini shell inasema "not found"

```
$ ls build.sh
build.sh
$ ./build.sh
ksh: ./build.sh: not found
```

Hapa mtu huanza kudhani diski imeharibika. Tazama mstari wa kwanza wa skripti: `#!/bin/bash`. Kisichopatikana si skripti, ni bash. OpenBSD haina bash kwenye mfumo wa msingi, na ukiisakinisha inakaa `/usr/local/bin/bash`. Iendeshe kwa `bash build.sh`, au badilisha mstari huo uwe `#!/usr/bin/env bash`.

Ndugu yake ni `nproc`. Miongozo mingi ya Linux inakuambia `make -j$(nproc)`. Huku hakuna `nproc`. Tumia `sysctl -n hw.ncpuonline`.

Mwingine ni `make` wenyewe. Ukiona `Parse error` ikifuatiwa na `Need an operator in 'endif'`, ujue Makefile hiyo imeandikwa kwa GNU make na wewe umeipa make ya BSD. Sakinisha `gmake`, uitumie badala yake. Python yenyewe haina shida hiyo kwa kawaida, lakini Erlang na OCaml zinaidai. Lua ni muungwana zaidi: Makefile yake ina shabaha maalumu, `make bsd`.

Ukigusa `configure.ac` na kuita autoconf (inayoitengeneza `configure`), utapokea ombi la adabu kabisa: `Provide an AUTOCONF_VERSION environment variable, please`. OpenBSD huruhusu matoleo mengi ya autoconf kukaa pamoja, hivyo inataka uchague. `export AUTOCONF_VERSION=2.71`, au toleo lolote ulilosakinisha, na kwa automake vivyo hivyo kwa `AUTOMAKE_VERSION`.

## Python imekompailika, lakini moduli zimepotea

Hapa ndipo wengi wanaponasa. Mwisho wa `make` unakuta maneno haya:

```
The necessary bits to build these optional modules were not found:
_bz2    _gdbm    _tkinter
```

Au hukuyaona, na wiki mbili baadaye programu inaanguka kwa `No module named '_bz2'`.

Chanzo ni kimoja, na ukikielewa umemaliza nusu ya matatizo ya mfumo huu. Kila kinachosakinishwa kwa `pkg_add` kinaingia `/usr/local`: faili za `.h` kwenye `/usr/local/include`, maktaba kwenye `/usr/local/lib`. Na `cc` ya OpenBSD haitazami huko mpaka uiambie. Kwenye usambazaji mwingi wa Linux vifurushi vinaingia `/usr/include` moja kwa moja, ndiyo maana mtu aliyezoea kule hajawahi kuliwaza jambo hili. Matoleo ya zamani ya Python yalikuwa na `setup.py` iliyojiongeza yenyewe `/usr/local` kwenye utafutaji. Tangu 3.12 `setup.py` hiyo imeondolewa na kazi yote inafanywa na `configure`, kwa hiyo mwongozo wa miaka mitano nyuma unaweza kukupotosha hapa bila nia mbaya.

Moduli nyingine hupona kwa sababu `configure` huuliza `pkg-config`, ambayo OpenBSD inayo kwenye mfumo wa msingi, na hiyo inajua njia ya `/usr/local`. Ndiyo sababu unaweza kuona `_ctypes` na `_sqlite3` zimepita huku `_bz2` ikiachwa. Si bahati nasibu: maktaba iliyokuja na faili ya `.pc` imepatikana, isiyokuja nayo haikupatikana.

Dawa:

```
doas pkg_add libffi bzip2 xz sqlite3 gettext-runtime
./configure --prefix=/usr/local/python312 \
    CPPFLAGS=-I/usr/local/include \
    LDFLAGS=-L/usr/local/lib
```

Weka vyote viwili, `CPPFLAGS` na `LDFLAGS`. Nasisitiza kwa sababu kuweka kimoja ni kubaya kuliko kutoweka chochote. Mimi niliwahi kuweka `CPPFLAGS` peke yake, nikapata hiki mwishoni kabisa wakati wa kuunganisha:

```
ld: error: undefined symbol: libintl_textdomain
>>> referenced by _localemodule.c
```

Nilitafuta tatizo ndani ya moduli ya locale kwa saa nzima. Kumbe `configure` iliona `libintl.h`, kwa kuwa nimeionyesha njia ya faili za `.h`, ikaamua gettext ipo. Faili hiyo hubadilisha jina la `textdomain` kuwa `libintl_textdomain`. Kisha ikatafuta maktaba ya `-lintl`, haikuiona kwa kuwa sikuionyesha njia ya maktaba, ikaendelea bila kuiweka. Kwenye `config.log` yote yameandikwa: mstari mmoja unasema yes kwa `libintl.h`, mwingine unasema no kwa `textdomain in -lintl`. Ukikuta jozi ya namna hiyo, yes kwa faili ya `.h` na no kwa maktaba yake, umeshalipata tatizo.

Baada ya kubadilisha bendera hizi, endesha `make distclean` kabla ya `configure` tena. Faili za `.o` za zamani haziji kujirekebisha zenyewe.

Kukosa `_gdbm` kusikusumbue usipoihitaji. `_tkinter` inahitaji Tcl na Tk kutoka vifurushini, na njia zake uzitaje kwa `TCLTK_CFLAGS` na `TCLTK_LIBS`, pamoja na `/usr/X11R6/include`, kwa kuwa X ya OpenBSD inaishi huko.

## pip inasema moduli ya ssl haipo

Dalili ni sentensi hii: `pip is configured with locations that require TLS/SSL, however the ssl module in Python is not available.` Na ukirudi kwenye matokeo ya `configure`, tafuta mstari wa `checking whether OpenSSL provides required ssl module APIs` uone umejibiwa nini.

Hili lina historia. Baada ya Heartbleed, tundu la usalama lililogunduliwa mwaka 2014 kwenye OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche), watu wa OpenBSD waliichukua OpenSSL, wakaisafisha na kuipa jina jipya, LibreSSL. Hiyo ndiyo iliyomo kwenye mfumo wa msingi. Nao watu wa Python, kupitia PEP 644 (hati ya pendekezo la kubadilisha Python), waliamua kwamba kuanzia 3.10 wanadai OpenSSL 1.1.1 au mpya zaidi, na LibreSSL haiungwi mkono tena. Pande zote mbili zina hoja zao, na wewe umesimama katikati na terminali yako.

Njia ya kwanza ni kusakinisha OpenSSL kutoka vifurushini. OpenBSD imeiweka pembeni kwa makusudi, kwenye folda zenye jina linaloanza na `eopenssl`, ili isigongane na LibreSSL. Angalia kwenye mashine yako iko wapi:

```
pkg_info -L openssl | grep pkgconfig
```

Chukua folda inayoonekana, uipe `configure`:

```
env PKG_CONFIG_PATH=/usr/local/lib/eopenssl33/pkgconfig \
    ./configure ... --with-openssl-rpath=auto
```

Namba baada ya `eopenssl` itategemea toleo ulilopata. Usijaribu `--with-openssl=/usr/local`; chaguo hilo linatarajia `include` na `lib` za kawaida chini ya folda moja, na mpangilio wa huku si huo.

Lakini kuna hatari ya kuijua kabla. Ukishakuwa na Python iliyofungwa kwa OpenSSL, kisha ukaingiza moduli ya C inayotegemea maktaba iliyofungwa kwa LibreSSL (mfano mzuri ni `libpq` ya PostgreSQL), programu moja itakuwa imebeba `libcrypto` mbili tofauti zenye majina yale yale ya kazi (functions). Inaweza kwenda vizuri mwezi mzima, kisha ikaanguka siku unayopokea wateja wengi. Kwa seva ya kazi halisi, mimi nisingeifuata njia hii.

Njia ya pili, ninayoipendelea, ni kuchukua viraka ambavyo watunzaji wa ports (maelekezo ambayo vifurushi vya OpenBSD hujengwa kwayo) wameshaviandika ili Python ikubaliane na LibreSSL. Vimo chini ya `/usr/ports/lang/python`. Ukiendesha `make patch` humo, msimbo unafunguliwa na kuwekwa viraka bila kukompailiwa, nawe unaendelea na mabadiliko yako juu yake.

## Kompaila inakufa njiani

Ukiona `LLVM ERROR: out of memory` ilhali `top` inaonyesha RAM bado ipo tele, mfumo haujaishiwa. Wewe ndiye umewekewa mpaka. OpenBSD inampa kila mtumiaji darasa kwenye `/etc/login.conf`, na darasa linaweka kikomo cha memori kwa kila programu. Mtumiaji uliyemuunda wakati wa kusakinisha mfumo yuko kwenye `staff`. Anayeongezwa baadaye kwa `adduser` kwa kawaida huangukia `default`, ambako mpaka ni mkali zaidi.

```
ulimit -d
ulimit -d $(ulimit -H -d)
```

Amri ya kwanza inaonyesha kikomo cha sasa, ya pili inakipandisha hadi juu kabisa panaporuhusiwa. Ikiwa bado haitoshi, `doas usermod -L staff jina`, kisha utoke na kuingia upya. Kumbuka kikomo hiki ni cha kila programu peke yake, kwa hiyo kupunguza `-j` hakusaidii hapa. Kunasaidia pale RAM yenyewe ilipoisha kweli.

Ikiwa `dmesg` ina `uid 1000 on /tmp: file system full`, tatizo ni diski. Mpangilio wa kawaida wa OpenBSD hugawa diski vipande vingi, na `/tmp` ni kimojawapo, nacho si kikubwa. Elekeza faili za muda kwingine: `export TMPDIR=$HOME/tmp`. Kwa sababu hiyo hiyo usichague `--prefix=/opt/python`. Hakuna `/opt` hapa, hivyo ukiiunda inakaa kwenye `/`, na `/` ni ndogo.

## Imesakinishwa, ikiitwa inauawa

Kama uliweka `--enable-shared`:

```
ld.so: python3.12: can't load library 'libpython3.12.so.1.0'
Killed
```

Maktaba iko kwenye folda ambayo `ld.so` haiijui. Jaribu haraka kwa `doas ldconfig -m /usr/local/python312/lib`. Ili idumu baada ya kuwasha upya, ongeza folda hiyo kwenye `shlib_dirs` ndani ya `/etc/rc.conf.local`. Nadhifu zaidi ni kukompaili na `-Wl,-rpath,/usr/local/python312/lib` kwenye `LDFLAGS` tangu mwanzo.

Vifo vingine vinatoka kwenye ulinzi wa kerneli. Python ya kawaida hupita salama, lakini lugha zenye JIT (zinazotengeneza msimbo wa mashine wakati programu inaendeshwa) na moduli za C zenye assembly ya mkono hunaswa. Hapa `dmesg` ndiyo daktari wako.

`W^X violation` maana yake programu imeomba memori inayoandikika na kutekelezeka kwa wakati mmoja. Tangu 6.0, mwaka 2016, hilo limekatazwa isipokuwa programu imeunganishwa kwa `-z wxneeded` na iko kwenye sehemu ya diski iliyopachikwa kwa `wxallowed`. Kwa kawaida sehemu hiyo ni `/usr/local` peke yake. Ndipo utaelewa kwa nini Java iliyotoka kukompailiwa kwenye `/home` inajibu `Permission denied` hata kwa mwenye ruhusa zote, na kerneli inaandika `W^X binary outside wxallowed mountpoint`. Hamishia kazi kwenye folda iliyo chini ya `/usr/local`. `chmod` haitakusaidia.

`not MAP_STACK` inawapata wanaotengeneza stack zao wenyewe kwa ajili ya coroutine. Tangu 6.4 memori ya stack lazima iombwe kwa `mmap` yenye bendera ya `MAP_STACK`. Dawa iko kwenye msimbo, na mara nyingi ni neno moja.

`Illegal instruction` ndiyo inayochanganya kuliko zote, kwa sababu programu ile ile inaweza kwenda vizuri kwenye laptop ya zamani na kufa kwenye mpya. Tangu 7.4 OpenBSD inadai kila ruko lisilo la moja kwa moja litue kwenye alama maalumu, lakini kwenye prosesa za Intel ukaguzi huo unafanyika pale tu prosesa inapouweza, yaani nyingi za kizazi cha 11 na kuendelea. Clang huweka alama hizo yenyewe. Assembly iliyoandikwa kwa mkono haina. Ukishathibitisha ndiyo hiyo, unganisha kwa `-Wl,-z,nobtcfi` kama suluhisho la muda, na umwandikie mwenye mradi.

Na kama ni `undefined symbol: syscall`, kazi hiyo iliondolewa kwenye 7.5, mwaka 2024. Msimbo unapaswa kuita kazi za libc (maktaba ya msingi ya C) kwa majina yake. Go ilishahamia huko tangu 1.16.

Kifo cha mwisho ni hiki: `in free(): bogus pointer (double free?)`, kisha `Abort trap`. Usikimbilie kuilaumu OpenBSD. Malloc yake ni kali, na hitilafu iliyojificha miaka kwenye Linux huku inajitokeza mara moja. Endesha tena kwa `PYTHONMALLOC=malloc MALLOC_OPTIONS=S`, ili memori ya Python yote ipite kwenye malloc ya mfumo badala ya ile ya Python yenyewe, na mara nyingi utampata mkosaji karibu na alipokosea.

## Baada ya kusakinisha

Tumia `make altinstall`, si `make install`, hasa ukiwa umechagua `/usr/local` kama prefix. Vifurushi vingine vinategemea `python3` ya mfumo, na ukiifunika utavivunja.

`pip install` itachukua muda mrefu kuliko ulivyozoea. Miradi mikubwa huweka PyPI faili zilizokwishakompailiwa kwa Linux, macOS na Windows. Kwa OpenBSD utakompaili kutoka kwenye msimbo. Ndiyo maana `cryptography` inakuomba kompaila ya Rust, nayo iko vifurushini kwa jina la `rust`. Vifurushi kama `py3-cryptography` vipo pia, lakini vinaingia kwenye Python ya mfumo. Hii uliyoikompaili wewe haitaviona.

Kisha kuna dalili moja ambayo Mswahili anaweza kukutana nayo upesi kuliko wengine:

```
>>> locale.setlocale(locale.LC_ALL, 'sw_TZ.UTF-8')
>>> time.strftime('%A')
'Monday'
```

Ulitarajia Jumatatu. Usirudi kukompaili upya, wala usitafute kifurushi cha lugha. Libc ya OpenBSD inajali `LC_CTYPE` tu, yaani herufi za UTF-8. Majina ya siku na miezi yanabaki ya Kiingereza kwa kila lugha duniani. Ndiyo sababu pia baadhi ya majaribio ya locale kwenye `make test` yanaweza kurukwa au kushindwa. Majina ya siku yaweke kwenye programu yako mwenyewe, orodha ya maneno saba, kuanzia Jumatatu, maana ndiyo `weekday()` inayoipa sifuri.